Mkoba Mdogo wa Turubai

Vijana wangu mnaobeba kamera, mkija kunisalimia hapa Sindo swali lenu la kwanza huwa ni la lenzi. Mnataka kujua tulipigaje harusi nzima kwa filamu bila kuona picha hata moja mpaka itoke kwenye dawa. Hayo nimeyajibu mara nyingi, na wengine wenu mnayajua kunishinda. Kitu msichoniuliza ni mkoba. Mnakuja na mabegi meusi makubwa mgongoni kama watu wanaohama nyumba, halafu mnalalamika kwamba hamuoni picha nzuri njiani. Mtazionaje? Mpaka mfungue zipu zote hizo na mtoe kifuniko cha lenzi, yule mliyetaka kumpiga ameshapanda boda na kwenda zake.

Mimi ni Peres, na nilikuwa mpiga picha wa kutembea. Homa Bay, Rodi Kopany, Migori, mpaka Isebania kule mpakani, kila soko lilikuwa na siku yake, na mimi nilikuwa pale siku hiyo. Kustaafu hakuna aliyenistaafisha. Bega la kulia lilianza kukataa mzigo, na simu zenu zikamaliza kilichobaki. Nikafunga chumba cha studio, nikauza taa na lile pazia la maporomoko ya maji ambalo nusu ya watu wa Suba wamesimama mbele yake. Nikabaki na kamera moja ndogo niliyoiweka kabatini, ndani ya soksi.

Nilidhani nitapumzika, na mwanzoni nilipumzika kweli. Nilipanda mboga, nikaenda kwaya, nikalala mchana. Kisha nikaanza kuona picha. Naenda dukani kununua sukari, naona wazee wawili wanasoma gazeti moja kwa miwani moja, kila mmoja akisoma mstari wake kisha anampa mwenzake. Naenda ufukweni, naona mama anageuza omena, dagaa wetu wa ziwani, juu ya nyavu huku amemshika mtoto kwa magoti asiukanyage uchumi wake. Mkono wangu unapanda wenyewe mpaka kifuani, unakuta gauni tu. Nyinyi bado hamjui hali hiyo. Ni kama kumwita mtu kwa jina ndani ya nyumba halafu ukakumbuka alishaolewa.

Mtaniuliza kwa nini nisiishike kamera mkononi. Hapa ziwani upepo una mchanga, na mkono wa mtu mzima unatoka jasho. Kuining'iniza shingoni siwezi, shingo na bega ni ndugu. Na kuiweka kwenye kikapu, hilo nililifanya nikiwa msichana, na likanifundisha.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Ogutu, mwenye studio pale Homa Bay. Kamera yake ya kwanza kunipa ilikuja na boksi lake gumu la ngozi, ambalo ukilifungua linalia tak, na soko lote linageuka. Mzee akaniambia, "Peres, mtu akiona boksi anavaa uso wa picha. Wewe unataka uso aliotoka nao nyumbani." Basi nikajifanya mjanja. Boksi nikaliacha, kamera nikaitia kwenye kikapu cha sokoni pamoja na omena zangu, nimeifunika na leso. Kweli hakuna aliyejua nimebeba kamera. Nikawa napiga picha nzuri sana za watu wasiojitazama.

Lakini wiki hiyo kulikuwa na walimu waliohitaji picha za paspoti. Niliwapiga wote, nikazisafisha, nikazikata, nikampelekea Mzee Ogutu. Akazipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Hawa walimu," akasema, "wote wanaumwa shingo?"

Nikatazama. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa upande, pua imekimbia kamera. Mzee akaichukua ile kamera, akainusa, akairudisha mezani taratibu kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea kwa mamaye. Hakunigombeza. Alifungua dirisha. Ofisi ilizikataa zile picha na ilibidi niwapige walimu upya, safari hii wakiwa wamekaa mbali nami kidogo kwa tahadhari.

Basi nikiwa nimestaafu, na mkono wangu unapanda bure kila siku, niliamua kutafuta mkoba mdogo wa kuvaa mshazari. Mkanda upite bega la kushoto, mkoba ukae juu ya nyonga ya kulia, ndani mna kamera moja na kitambaa cha kufutia lenzi, basi. Kitu cha kuvaa kila siku kama kitambaa cha kichwa.

Nilianzia Homa Bay, kwenye duka la mabegi. Kijana wa pale alikuwa na heshima, akaniletea kiti.

"Mathe, unataka ya laptop ama ya safari?"

"Ya kamera. Ndogo. Ya kuvaa hata nikienda kununua sukari."

Akaniletea begi ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelala ndani. Nikamwambia ndogo. Akaleta kipochi cha simu. Nikatoa kamera kwenye soksi, ikaingia nusu, nusu ikabaki nje.

"Lakini mathe, si simu yako inapiga picha? Hii kamera ni ya nini saa hii?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nilimwambia nikiinua simu, nafikiri nimepokea ujumbe, nauangalia, na picha inapita. Nikiinua kamera, najua nimekuja kutazama. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, kisha akanionyesha begi lingine kubwa zaidi.

Nikajaribu mitumba Rodi Kopany. Huko nilipata kibegi kizuri cha rangi ya kijivu, ndani kina ngozi ya kung'aa kama bati. Nilikivaa mpaka nyumbani kwa furaha. Kumbe kilikuwa cha kubebea chakula cha mtoto kisipoe. Kamera ilitoka jasho mle ndani kama chapati iliyofunikwa, lenzi ikawa ukungu mtupu. Chungeni sana hilo, hasa nyinyi wa ziwani: kitu kinachotunza joto kinatunza na unyevu, na unyevu ukikaa kwenye lenzi unaota kuvu, na kuvu ya lenzi haina dawa ya nyumbani.

Nikarudi Rodi Kopany, nikajaribu kibegi cha kufunga kiunoni. Nilipoinama kuchagua maharagwe, kibegi kikajigeuza, kamera ikaruka, ikaangukia juu ya rundo la maharagwe. Mwenye maharagwe akaiokota, akaipangusa na leso yake, akanitazama kiuno kwa huruma.

"Hiyo begi, mama," akasema, "ilishonewa mtu hajazaa."

Migori nilimwendea fundi wa viatu, mtu hodari kabisa, akanitengenezea wa ngozi. Mshono wake ulikuwa wa kupendeza. Lakini ngozi ilikuwa nzito, bega likaanza malalamiko yake, na kila nikijigeuza mkoba unalia kama mlango wa ghala. Nilikwenda nao kanisani, na wakati wa sala ya kimya nikapumua kwa nguvu kidogo, mkoba ukaitikia. Nikampa binti yangu Akoth autumie kwa Biblia na kitabu cha nyimbo.

Akoth ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa anaosha vyombo, hata hakunigeukia.

"Mama, wewe hutafuti begi," akasema. "Unatafuta ule wa Mama Marwa."

Nikakaa chini.

Mama Marwa jina lake ni Boke, Mkuria wa pale mpakani, na nilikutana naye kwa sababu ya mvua. Nilikuwa Isebania siku ya soko, bado nabeba kikapu, ingawa omena nilikuwa nimezitoa. Mvua ikashuka ghafla. Nikakimbilia chini ya turubai lililokuwa limening'inizwa ubavuni mwa lori. Chini yake alikuwa ameketi mwanamke wa rika langu, amekunjua turubai lingine mapajani, anashona. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kidole cha kati, na kwenye kiganja alikuwa amefunga kipande cha ngozi cha kuisukumia. Malori yaliyosubiri kuvuka yalikuwa yakimletea maturubai yaliyochanika, naye aliyatia viraka. Kazi hiyo waliifanya wanaume, na yeye.

Alinitazama nilivyokikumbatia kikapu.

"Unaficha nini humo?"

"Kamera."

"Kamera gani inanuka samaki?"

Nilikuwa nimekisugua kikapu kwa sabuni wiki nzima. Nilicheka mpaka nikalazimika kuketi. Naye akacheka, kisha akanyoosha mkono. "Lete nione."

Akaipima kamera viganjani kama mtu anayenunua kuku. Akaniuliza mkono ninaoutumia kupiga, kama napiga nimesimama au nimechuchumaa, kama nina mtoto mgongoni, kama huwa nakaa chini na watu au nasimama pembeni. Sijawahi kuulizwa maswali hayo na mwenye duka la mabegi mpaka leo. Akachukua uzi, akanipima kutoka begani mpaka nyongani, akafunga fundo.

"Njoo siku ya soko," akasema.

Siku ya soko nilikuta mkoba. Ulikuwa wa kipande cha turubai kuukuu, lile la rangi ya vumbi, lililokuwa limelainishwa na jua na mvua ya njia nyingi. Ndani alitia sponji ya godoro iliyovikwa flaneli ya mtoto, lakini hakuishonea, aliichomeka tu, kwa sababu sponji ikilowa lazima itoke ikauke. Zipu hakuweka. Alisema zipu inakula vumbi, halafu siku unayoihitaji inakataa. Aliweka kifuniko kirefu kinachofungukia upande wa mwili wako, si upande wa nje, ili mwizi akitaka kukifungua aanze kwa kukukumbatia. Mkanda ulikuwa ule mkanda wa usalama wa gari, mpana, haukati bega wala haujikunji. Na kifuko kidogo cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu, wa kunywa unyevu. Mchele huo unaubadilisha kila mvua zikianza. Jaribuni. Lenzi zangu za wakati ule hazikuota kuvu hata moja.

Malipo aliyotaka ni picha ya mwanawe Marwa, ampelekee bibi yake Tarime.

Tangu hapo kila nikienda Isebania nilianzia kwake na kumalizia kwake. Tulikula pamoja chini ya maturubai, nikimletea omena, naye akinipikia ugali wa wimbi. Kiswahili changu kilikuwa kibovu, cha mtu anayefikiri kwa Dholuo, na yeye alinisahihisha bila kuacha kushona. Mimi nilimwita Mama Marwa, yeye aliniita Nyar Sindo, binti wa Sindo, hata baada ya sisi wote kuwa na mvi. Mkoba ukichoka mahali, aliushika mkono mmoja huku akiniuliza habari za watoto, na nilipomaliza kumjibu ulikuwa umepona.

Kisha kazi zikabadilika, zote mbili. Kwangu zilikuja kamera za kidijitali, na kwake yalikuja makontena. Kontena ni chuma, halishonwi. Maturubai yakapungua, na siku moja nikafika nikakuta mahali pake pana kibanda cha kutuma pesa. Niliambiwa amevuka kwa watu wake. Namba yake niliipiga, haikupatikana, na baada ya muda ikawa inapokelewa na mwanamume wa Mwanza asiyetujua. Mkoba ukaendelea na mimi mpaka sakafu yake ikaoza na kuachia. Ndipo nikanunua begi jeusi kubwa kama yenu, na ndilo lililonila bega.

Baada ya yale maneno ya Akoth sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi niliitia kamera kwenye soksi yake, nikaenda Isebania.

Mbadilisha fedha mmoja aliyezeekea pale ndiye aliyenijibu. "Yule mama wa maturubai? Yuko hapo Sirare, upande wa pili. Pita stendi, uliza wanaouza uji." Nikapita ofisi ya uhamiaji, nikaeleza kwamba naenda kumsalimu rafiki, nikapewa karatasi ya kupita. Mpaka wenyewe ni hatua chache. Nilisimama katikati nikiwaza miaka niliyoshindwa kuzipiga hatua hizo.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anakoroga uji nyuma ya stendi, amenenepa, kichwa cheupe kabisa. Nilisimama mbele yake kama mteja.

"Kikombe au nusu?" akauliza, bila kuinua macho. Kisha mwiko ukasimama. "Nyar Sindo."

"Mama Marwa."

"Umekuja kunywa uji?"

"Nimekuja kushonewa mkoba."

Akaweka mwiko chini, akaniinulia mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimekakamaa, kimelalia ndani ya kiganja. "Sindano ilishaniaga," akasema. "Ukisukuma turubai maisha yako yote, mwisho kidole kinabaki kimesukuma." Kisha akaongeza, "Wewe mikono yako inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi utashona, mimi nitagomba."

Alimwachia jirani sufuria ya uji, tukaenda nyumbani kwake, chumba na ua mdogo uliozungushiwa mabati. Turubai alikuwa nalo, lilikuwa limefunika kuni. Akachora mistari kwa mkaa, akakata kwa mkono wa kushoto, na kukata kwake bado kulikuwa kwema kuliko kwangu kwa mkono wa kulia. Mkanda alinituma niutafute kwa makanika wa stendi.

"Mwambie akupe wa gari lililogongwa ubavuni," akasema. "Si lililogongwa mbele. La mbele mkanda wake umeshavutwa nguvu zote siku ya ajali, haufai kuaminiwa."

Nikaketi kushona. Alinigomba kama alivyoahidi. "Unashona kama unamchoma mtu. Ingia wima, toka wima. Uzi uupake nta kwanza. Hapo umeruka, rudi." Vidole viliniuma, lakini nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu nifunge studio. Tulikuwa tumefika kwenye kifuniko nilipoona kivuli cha bati kimefika mlangoni, nikaweka sindano chini.

"Nini?" akauliza.

"Ijumaa. Jua linazama."

Akakumbuka. Alikuwa Mkatoliki, lakini alinijua mimi na Sabato yangu tangu ujana. Akautazama mkoba uliokosa kifuniko na mkanda, akanitazama mimi.

"Basi unalala hapa mpaka Jumapili," akasema. "Ukienda nao hivyo, hutarudi."

Nikampigia Akoth simu, nikamwambia nitalala ng'ambo. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, mimi na Mama Marwa tulikuwa na siku nzima isiyo na kazi. Siku za soko tulizungumza yeye akishona na mimi nikichungulia nani anapita. Hatukuwahi kuketi tukatazamana.

Jumamosi asubuhi alinisindikiza kanisani kwetu pale Sirare, akaketi nyuma kabisa na rozari mkononi, akaimba nyimbo asizozijua. Mchana tulikaa uani. Aliniomba nimsuke, kwa sababu kidole kilimzuia kujisuka, nami nikalihesabu hilo kuwa huruma, si kazi. Akaketi chini katikati ya magoti yangu, akaanza kunihadithia yote yaliyompata: mume aliyezikwa, kiwanja kilichouzwa, mjukuu aliyefaulu. Nilipofika nusu ya kichwa, nywele za upande mmoja zimelala na za upande wa pili zimesimama kama pamba, alikumbuka ule mchezo wetu wa zamani wa kubahatisha lori limebeba nini kwa harufu yake. Akacheka. Akakilaza kichwa nyuma kwenye goti langu, jua likimpitia kwenye zile nywele ambazo hazijasukwa, macho amefumba, machozi ya kicheko yakiteremkia masikioni.

Kamera ilikuwa ndani, kwenye soksi, juu ya kitanda. Sikuinuka. Ilikuwa Sabato, na hata isingekuwa Sabato, ningeinuka kichwa chake kingeanguka.

Alipomaliza kucheka alibaki hivyo hivyo. "Marwa yuko Geita," akasema. "Ana nyumba kule. Amesema mwisho wa mwezi anakuja kunichukua. Hapa nimeshapata mtu wa kuchukua chumba."

"Utakuwa unarudi?"

"Kurudi kufanya nini, Nyar Sindo? Malori yenyewe siku hizi hayasimami."

Nikaendelea kusuka. Nilikuwa nikifikiri kwamba kama yule kijana wa Homa Bay angekuwa na begi dogo dukani, ningelinunua, nikaenda nyumbani, na Boke angeondoka bila mimi kujua. Sikumwambia. Nilimsuka polepole, mistari midogo kuliko ilivyohitajika.

Jumapili alikwenda misa, akarudi, tukamaliza. Kifuniko kikafungukia mwilini, sponji ikachomekwa bila kushonewa, mchele ukakaangwa. Mshono wangu ulipinda mahali pengi. Aliugeuza mkoba, akauvuta kila pembe kwa meno yake, kisha akaingia ndani akatoka na yai. Akalitia mkobani, akafunga, akauachia kutoka usawa wa goti. Akafungua. Yai lilikuwa zima. Tukalichemsha tukagawana.

Kabla ya kuondoka nilimpiga picha. Alivaa gauni la misa, akasimama wima mbele ya bati kama mtu aliyeitiwa kitambulisho, mikono ubavuni. Ni picha safi, mwanga ni mwema, kila msuko unaonekana. Nimeitazama mara nyingi. Ni yeye, lakini si ile ninayoitafuta, na ile ninayoitafuta haiko kwenye kamera yoyote.

Alinisindikiza mpaka karibu na geti la mpaka. Akanivalisha mkoba mwenyewe, akarekebisha mkanda begani, akarudi nyuma kuutazama.

"Turubai jipya linanyooka," akasema. "Mkanda utalegea kidogo. Ukilegea, utakuja nikukazie."

"Geita?"

"Si nimekwambia ukilegea."

Nikavuka. Nilipogeuka alikuwa ameshageuka naye, anatembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Sasa nauvaa kila siku. Watu hawauoni, na hiyo ndiyo sifa yake. Nimewapata wale wazee wa gazeti na miwani yao, na mama wa omena na mtoto wake, na mambo mengine mengi madogo ambayo hakuna atakayenilipa kwayo. Bega limenyamaza. Nanyi mkitaka kujua mkoba mzuri unaponunuliwa, jibu langu ni hilo: mtafuteni mtu atakayewauliza mnavyokaa na watu kabla hajawauliza ukubwa wa kamera. Akiwapo karibu nanyi, msikawie kwenda.

Boke alinipigia kwa namba mpya alipofika Geita. Nyuma yake niliwasikia watoto na mtu anayepasua kuni.

"Mkanda umelegea?" akauliza.

"Bado."

"Aa." Hakuna kati yetu aliyekata simu.

Geita ni mbali, na miguu yangu si ile ya masoko. Lakini kila asubuhi nikiuvaa mkoba, kabla sijatoka, nauvuta mkanda kidogo kwa vidole viwili, nione.